Mgeni wa Ubavuni

Kikuku cha marehemu kilitoa shikamoo wakati wa chai, sebule ikiwa imejaa waombolezaji, na kila mtu akanyamaza.

"Shikamoo. Habari za kuamka?"

Kilikuwa juu ya kabati la vyombo. Aliyeuosha mwili alikivua akakiweka pale, kisha akakisahau. Kwa kawaida kiliuliza mara tu mwenyewe anapoinuka kitandani. Leo kilikuwa kimesubiri ainuke mpaka kikachoka, kikaamua kuuliza hivyo hivyo. Taa yake ndogo ya kijani iliwaka ikingoja. Hakuna aliyejua la kufanya. Kisha bibi mmoja aliyekaa mkekani karibu na mlango, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso, akakijibu bila kugeuza shingo, kama mtu yeyote aliyeamkiwa.

"Marahaba. Nzuri."

Taa ikawa nyeupe, halafu ikazimika. Kikuku kilikuwa kimeridhika.

Wanawake wawili wakacheka ndani ya kanga zao, kicheko kile cha msibani ambacho mtu hukiombea radhi papo hapo.

"Na yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa," akasema dada wa marehemu. "Juzi nimemkuta uso umevimba kama andazi. Namuuliza, kaka, vipi? Ananiambia nzuri tu, namshukuru Mungu. Mtu hajiwezi hata kuvaa viatu, nzuri."

"Angesema nini sasa?" bibi wa mlangoni akauliza. "Watu wakuamkie asubuhi uanze kuwahesabia maradhi?"

Tusekile Mwambene alikuwa amekuja kutoa pole kwa niaba ya kampuni. Aliweka kikombe chake sakafuni. Chai ilimwagika kidogo kwenye mkeka na hakuifuta. Kwa wiki kadhaa watu waliobeba kazi ya mikono yake walikuwa wakifa, huyu wa Kyimo, yule wa Masoko, mwingine wa Ikuti, na kila mara alipoitazama kumbukumbu ya siku zao za mwisho aliona kitu kimoja: nzuri, nzuri, nzuri. Alikuwa amelitafuta kosa kwenye nyama, kwenye chembe, hata kwenye maji ya kiwandani. Sasa alikuwa amelisikia likitoka kinywani mwa bibi wa watu.

*

Kampuni yao iliitwa Chemka. Ilikaa kwenye kiwanda cha chai kilichofungwa zamani, juu kidogo ya Tukuyu, na pale ambapo majani yalikuwa yakikaushwa sasa palipangwa mapipa ya kioo yenye maji vuguvugu. Ndani ya kila pipa kilikua kipande cha nyama. Mtu ambaye figo zake zimekufa alitoa chembe zake, chembe zikaoteshwa, na baada ya miezi akapandikizwa chini ya ubavu kiungo kipya kilichosafisha damu yake kama figo aliyozaliwa nayo. Katikati ya nyama ile walikuwa wameweka kidude kidogo kama punje ya dengu, nacho kiliiambia nyama ifanye kazi kiasi gani.

Walikiita Mgeni. Jina lilitoka kwa Lusajo, mkuu wa kampuni, kijana mwenye maneno mengi na usingizi mdogo. Alisema watu wa milimani hawatakubali kupandwa kitu kinachoitwa kiungo bandia, lakini mgeni hawawezi kumkataa. Na kweli hawakumkataa.

Tatizo la mwanzo lilikuwa vipimo. Ili kidude kijue kama damu ni safi, kilihitaji kuionja, na kila kionjo walichotengeneza kilizibwa na damu ile ile baada ya muda mfupi. Kutafuta dawa ya tatizo hilo kungechukua miaka, na Chemka haikuwa kampuni ya miaka. Ukutani Lusajo alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: ACHIA, TAZAMA, REKEBISHA. Ndipo Gwakisa, mtunga programu, akasema siku moja kikaoni, mdomo umejaa mhogo, "Kwa nini tusiwaulize wenyewe? Mwenye mwili anajua kama ameamka vizuri." Wakampigia makofi. Tusekile, mkuu wa utafiti, alipiga makofi kuliko wote. Wakatengeneza kikuku. Kikuku kilimwamkia mwenye mwili kila asubuhi, na jibu likashuka hadi kwenye dengu. Jibu baya: nyama iongeze bidii. Jibu zuri: inatosha, inaweza hata kupunguza.

Tusekile aliwaeleza yote haya tena, siku ileile aliyotoka msibani, kama watu wasioyajua.

"Kwa hiyo unataka kuniambia," Lusajo alisema, "watu wanakufa kwa sababu wana adabu."

"Wanakufa kwa sababu tuliwauliza kwa adabu. Mgeni akilegea, wanasema nzuri. Akilegea zaidi, nzuri. Amegundua kwamba hata asipofanya kazi hakuna atakayemsema. Nyama isiyofanya kazi inasinyaa."

"Wote?"

"Nenda kampime Mzee Andendekisye."

Walimpima Mzee Andendekisye wa Kiwira, ambaye hata mbwa wake alimwogopa. Picha ya ultrasaundi iliporushwa ukutani, Mgeni wake alionekana mnene, amejaa, mkubwa kama parachichi. Wa wengine wengi walikuwa kama kokwa la parachichi hilo. Gwakisa akaifungua sauti ya mzee ya asubuhi hiyo.

"Marahaba. Mbaya. Na wewe mwenyewe mbaya. Umelala tu humo ndani unakula bure, unaniuliza habari gani?"

Kikao kizima kikacheka. Atupele, aliyesimamia mapipa, alicheka mpaka akashika meza. Kisha mmoja akaacha, na mwingine akaacha, mpaka ikasikika mvua juu ya mabati.

"Mzee anaishi kwa sababu ya ukorofi," Gwakisa akasema taratibu.

Kabla ya wiki hiyo kwisha Gwakisa alikuwa amekwishatunga dawa. Waliipa jina Kiboko. Ilikuwa programu mpya ya kile kidude: isisikilize tena jibu la mtu, iiambie nyama kila saa kwamba imeshindwa kazi, ijitahidi. Nyama ingepata joto, ingevuta damu nyingi, ingekua upya. Kwenye mapipa ilikua. Lakini kwenye mapipa, baadhi ya vipande vilivyosinyaa sana vilipasuka mishipa badala ya kukua, na maji ya kioo yakawa mekundu.

"Ijumaa tunaachia," Lusajo alisema.

"Kwa wote?"

"Unataka niwachague?"

"Nataka nusu," Tusekile akajibu. "Nusu wapewe, nusu wangoje. Mashine ipige kura, sisi tusiguse. Tukiwapa wote wakapasuka, tutakuwa tumewaua wote kwa siku moja na hatutajua hata nani angepona."

"Na wanaongoja wakifa?"

"Na waliopewa wakifa?"

Lusajo alijikuna kidevu. Mashine za kusafisha damu za wilaya zilikuwa zimehamishwa kitambo, maana Wageni waliziacha bila kazi. Wachache walioweza safari walikuwa wamepelekwa mjini, na mjini nako walikuwa wameanza kurudishwa.

"Kampuni hii nimeijenga kwa kutongoja," akasema.

"Ndiyo, kaka. Leo tena nimetoka kuizika sehemu yake."

Akakubali. Mashine ikapiga kura.

*

Chemka ilianza na ndugu. Ndivyo kampuni changa zinavyoanza. Asiyekujua hawezi kukukabidhi ubavu wake, kwa hiyo unamwendea shangazi, unamwendea mjomba, unamwendea aliyekubeba mgongoni. Mama Subilaga alikuwa mdogo wake marehemu mama yake Tusekile. Alimlea tangu hajajua kutembea. Figo zilipomshinda, hakuuliza swali hata moja kuhusu Mgeni. Aliuliza tu kama Tusekile atakuwepo atakapoamka.

Sasa alikaa uani akimenya ndizi, miguu ndani ya beseni la maji. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani.

"Tujaribu tena," Tusekile alisema. "Mimi ndiye kikuku. Shikamoo, habari za kuamka?"

"Marahaba, nz... mbaya. Lakini si sana."

"Mama."

"Nimesema mbaya."

"Umesema si sana. Usimpunguzie. Mwambie umeamka vibaya, mwili mzito, hujalala."

"Yote hayo asubuhi? Ameniamkia vizuri, mtoto wa watu."

"Siyo mtoto wa watu. Ni nyama na chuma."

"Mmemwita Mgeni wenyewe. Mngemwita Mbwa, ningemfokea." Akatupa ganda ndani ya ndoo. "Ninyi wasomi mna mambo. Mnaleta mgeni ndani ya mtu, mnamfundisha shikamoo, halafu mnataka asimangwe."

Tusekile akacheka. Alicheka kwa muda mrefu kidogo kuliko mzaha wenyewe, na alipomaliza aliona mama yake mdogo anamtazama.

"Hiyo dawa yenu. Mmegawa nusu kwa nusu, nimesikia."

"Ndiyo."

"Mimi nipo wapi?"

"Kwa wanaongoja."

"Nani ameniweka?"

"Kura."

Mama Subilaga alimenya ndizi moja, akaichunguza, akaiweka sufuriani. "Si wewe mkubwa huko?"

"Ni mimi."

"Na mkubwa hawezi kumtoa mtu huku akampeleka kule?"

Hilo ndilo swali ambalo Tusekile alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Angeweza. Kidole kimoja tu. Lakini hakujua kule ni kuponyeshwa au ni kupasuliwa. Akimwacha huenda anamwua, akimhamisha huenda anamwua. Na akimhamisha, mtu mwingine lazima atoke ili nusu zibaki sawa, na huyo naye ana mtu wake anayemmenyea ndizi.

"Anaweza," akasema.

Jirani alikuwa akimwita kuku wake.

"Basi chukua kisu kingine, menya na hizo," Mama Subilaga akasema. "Usikae mikono mitupu."

*

Katika siku zilizofuata Tusekile alizika watu. Alisimama nyuma, kiatu kimezama kwenye tope, akisikiliza wachungaji na masheikh wakimwombea mtu aliyekuwa katika nusu yake ya kungoja. Hakuna aliyemlaumu. Walimshika mkono, wakamwambia pole kwa kazi. Hilo lilimwumiza kuliko tusi.

Nusu nyingine ilipona. Walikojoa. Uvimbe wa nyuso ulishuka, pete zikatoka vidoleni tena. Hata mmoja hakupasuka. Lusajo alitembea kiwandani akipiga mluzi, na kila alipompita Tusekile alipunguza sauti ya mluzi ule bila kuukatisha.

Alipofika kwa mama yake mdogo alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alimkuta mlangoni, amevaa viatu.

"Umeona?" Mama Subilaga akanyanyua mguu mmoja, akauzungusha kama msichana. "Vimeingia vyenyewe."

Tusekile alimkumbatia. Alilia, akajifuta, akalia tena.

"Ila huyu mgeni wako amegeuka," Mama Subilaga aliendelea. "Zamani alikuwa mpole. Tangu wiki ile ananichoma hapa. Fujo tupu, kama mtu anayepika ndani."

Alichukua mkono wa Tusekile akauweka ubavuni. Joto lilipenya kitenge. Tusekile aliuacha mkono pale, na furaha yake ikaanza kupoa huku mkono ukizidi kupata moto. Mgeni anayengoja hana joto. Joto lile lilikuwa la kitu kimoja tu.

"Kuna aliyekuja hapa, mama?"

"Nani aje? Mmenipa dawa, si ndiyo? Nilijua hutaniacha."

*

"Usinishukuru," Gwakisa alisema, kabla Tusekile hajafungua mdomo. Alikuwa ameona uso wake, akaufahamu vibaya. "Nilijua wewe hutaweza kufanya hivyo mwenyewe. Mtu mwenye msimamo kama wako anahitaji kusaidiwa."

"Ulimhamisha."

"Nilikuwa nimeshamhamisha mjomba wangu. Nikasema nisiwe mchoyo." Akacheka. Tusekile hakucheka naye, na kicheko kikakosa pa kwenda. "Tuse, kila mtu amefanya hivyo. Atupele, baba yake. Lusajo, dada zake na mama mkwe. Yule wa mapokezi, hata jirani yake. Mlima wote huu ni ndugu zetu. Ulitegemea nini?"

"Nilitegemea kura."

"Kura haijamlea mtu."

Atupele alikuwa akipima joto la pipa upande wa pili. Aliendelea kulipima, joto lile lile.

"Na hatukufanya kijinga," Gwakisa akaongeza, sasa anajitetea. "Tuliwapima kwanza kwa ultrasaundi. Mwenye nyama ya kutosha ndiye tuliyemwingiza. Ambaye Mgeni wake amekuwa kokwa tupu, hata kama kura ilimpa dawa, tulimweka kwenye kungoja, tuliogopa apasuke. Huoni hakuna aliyepasuka?"

Tusekile aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Lusajo aliingia na koti la mvua bado linadondosha maji. "Nimesikia mnagombana. Hakuna cha kugombania. Kiboko kinafanya kazi. Leo hii tunawaachia wote waliobaki."

"Kinafanya kazi kwa nani?" Tusekile akauliza.

"Kwa waliopewa."

"Waliopewa ni wenye nyama. Mmechagua wenye nguvu mkawapa, mkaona wamepona, mnasema dawa ni salama. Waliobaki ni makokwa. Kwenye mapipa, makokwa ndiyo yaliyopasuka. Tungekuwa na kura, tungekuwa na makokwa pande zote mbili, leo tungejua. Hatujui kitu. Watu wamekufa kwa kungoja, na hatujajifunza kitu."

Pipa moja lilitoa mapovu.

"Tuanze upya basi," Atupele akasema, sauti ndogo. "Hao waliobaki. Tuwagawe nusu, safari hii kweli."

"Ukiwagawa, nusu watakufa tukiwa tunatazama. Wameshasubiri kiasi cha kutosha kufa."

"Basi tuwape wote," akasema Lusajo.

"Huenda ukawapasua wote."

"Basi tusiwape."

"Watakufa wote."

Lusajo alivua koti, akakosa pa kulitundika, akalishika mkononi.

"Wewe ndiye uliyetaka nusu," akasema hatimaye, bila ukali.

"Ndiyo."

"Kama ungekubali tuwape wote ile Ijumaa, wengi wa hao makokwa wasingekuwa makokwa. Walikuwa bado wana nyama kidogo."

Na hilo lilikuwa kweli. Kama wangemsikiliza Lusajo, huenda wangepona wengi. Kama wangemsikiliza yeye mpaka mwisho, wangejua la kufanya. Walikuwa wamemsikiliza kila mmoja nusu.

"Mama yangu alipoingizwa," akamgeukia Gwakisa, "nani alitolewa?"

"Ya nini kujua?"

"Gwakisa."

Gwakisa alitazama vidole vyake. "Edina. Edina Mahenge, yule mchuma chai wa kutoka Makete. Hana mtu huku."

"Na nyama yake ilikuwaje siku ile?"

"Ilikuwepo," alisema. "Kidogo. Karibu sawa na ya mama."

Lusajo alimnyooshea Tusekile simu ya kazi, ile yenye kufungua na kufunga dawa kwa kila mtu. "Nenda kawaulize wenyewe wanataka nini," akasema. "Ndiyo kazi tunayoijua."

*

Edina aliishi kwenye nyumba za wachumaji, chumba cha mwisho, ukuta umepakwa chokaa upande mmoja tu. Alikuwa amelala kitandani na mito miwili mgongoni kwa sababu akilala chali pumzi ilimkata. Alikuwa mwanamke wa miaka ya Tusekile. Uso wake ulikuwa umejaa maji mpaka macho yamebaki mistari.

"Karibu, dada. Kaa hapo kwenye ndoo, kiti nimewaazima watu wa msiba."

Tusekile akakaa kwenye ndoo, ya pili siku hiyo. Alimpima kwanza, kwa sababu kupima kulimpa kitu cha kufanya. Alipitisha kifaa ubavuni mara kadhaa kabla ya kumwona Mgeni. Alikuwa amejikunyata gizani, mdogo, mkavu, mishipa yake myembamba kama uzi.

Akamweleza. Hakuzunguka. Alimwambia kuhusu Kiboko, kuhusu nusu mbili, kuhusu kura na jinsi ilivyovurugwa. Alimwambia kwamba kura ilikuwa imempa dawa, na kwamba watu wa kampuni walimtoa wakamwingiza mwingine.

"Nani?"

"Mama yangu mdogo."

Nje watoto walikuwa wakigombania tairi.

"Mama Subilaga? Yule anayeuza ndizi mbivu pale mnadani?"

"Huyo."

"Hunizidishia moja kila ninaponunua." Alivuta pumzi, akaitafuta nyingine. "Amepona?"

"Anavaa viatu."

"Haya."

Tusekile alingoja hasira. Aliihitaji. Edina alikuwa anaitafuta pumzi tu.

"Na mimi sasa mmekuja kunipa?"

"Nimekuja kukuuliza. Kiungo cha mama kilikuwa bado kina nyama. Cha kwako sasa kimesinyaa. Nikikupa dawa kinaweza kukua. Kinaweza kupasuka, na kikipasuka ndani hakuna nitakachoweza. Nisipokupa..."

"Nisipopewa najua," Edina akasema. "Mwenzangu wa chumba cha tatu alikuwa anangoja. Ninyi ndio mliosoma. Mnasemaje?"

"Hatujui."

"Wewe hujui?"

"Sijui, dada. Tulikuwa na njia ya kujua, tukaiharibu."

Edina aligeuza uso ukutani, upande usio na chokaa.

"Sasa mimi nitajuaje?" akauliza. "Mimi ninajua chai. Unakuja kuniuliza kitu ambacho mwenye duka hakijui, halafu nikikosea iwe nimekosea mimi."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Alikuwa amebeba swali kutoka kiwandani, likamshinda, akaja kulitua juu ya kitanda cha mgonjwa na kuliita heshima.

"Nitakuchagulia mimi," akasema. "Ikiharibika, nimeiharibu mimi. Niseme hivyo?"

"Useme hivyo kwa nani? Nani ataniulizia?" Edina alicheka kidogo, kicheko kikamgeukia kikohozi. Kilipotulia alimnyooshea mkono, siyo kwa upendo, kama mtu anayeomba kuinuliwa. "Nipe. Basi tu. Nipe, ila usiondoke."

Tusekile akagusa simu. Hakukuwa na mlio. Jina la Edina lilihama kutoka upande mmoja wa kioo kwenda upande wa pili, jambo dogo lile ambalo Gwakisa alikuwa amelifanya siku ile huku pengine akinywa chai.

Wakakaa. Tusekile alimshika mkono. Ulikuwa baridi na mzito wa maji, na alama za vidole vyake zilibaki pale alipoubonyeza. Mvua ilianza, watoto wakakimbilia ndani na tairi lao. Edina alifumba macho, na Tusekile akadhani amelala.

"Kuna joto," Edina akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Linaanza." Aliuweka mkono wa Tusekile ubavuni, na kweli joto lilikuwepo, dogo, linapanda. Inaweza kuwa nyama inaamka. Inaweza kuwa damu inaanza kuvuja. Kwa mkono, vyote viwili ni joto tu, na ultrasaundi isingeonyesha tofauti mpaka moja iwe imeshatokea.

"Ni dalili nzuri?" Edina akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Sijui."

"Linaongezeka."

"Nalisikia."

"Basi usiutoe mkono," Edina akasema, na Tusekile hakuutoa.